Subira ya Kipofu na Mali ya Mwenye Kuona

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu akampa masikio na macho na moyo ili apate kushukuru. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baada ya haya:

Katika darsa letu la baada ya Alasiri limezuka swali ambalo tumelizungumza siku nyingi bila ya kulimaliza, na tumeona yatupasa kuliweka hapa mbele ya ndugu zetu ili nao walipime. Swali lenyewe ni hili. Mzee masikini akipofuka kwa maradhi ambayo dawa yake yajulikana, na yeye hana cha kulipa, je, twamwambia asubiri kwa kuwa subira ina malipo makubwa mbele ya Mwenyezi Mungu, au ni juu yetu kumtafutia matibabu? Na tukimtafutia, je, tumefanya hisani tu, ambayo mwenye kutaka huifanya na asiyetaka huiacha, au tumelipa deni?

Swali hili halikututokea kitabuni. Limetujia kwa mlango wa aibu, na yafaa tuseme namna lilivyokuja, ijapokuwa lawama ya khabari hii yatuelekea sisi wenyewe.

Yuko mzee mmoja Muislamu akaaye upande wa Kanja, katika Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya palipo mashamba ya chai na kahawa. Maisha yake yote amekula kwa jasho lake, akichuma chai yake kwa mkono wake. Kidogo kidogo macho yake yakaingia ukungu. Kwanza zikamshinda noti za fedha, akawa hajui shilingi mia na shilingi elfu illa kwa kuambiwa. Kisha ikamshinda chai yenyewe, kwani chai huchumwa kwa jicho kabla ya mkono: majani mawili na chipukizi lake, na asiyeona huvunja yasiyofaa. Akawa humlipa mtu amchumie, na kilichobaki hakikumtosha. Mwisho mjukuu wake, mtoto wa darasa la sita, ndiye akawa fimbo yake: ampeleke chooni, ampeleke dukani, ampeleke msikitini siku ya Ijumaa, na siku ambayo babu ana haja, shule ilimsubiri bure.

Sisi tulikuwa tukimwona. Tulimpokea mlangoni, tukamketisha safu ya mbele, na kila Ramadhani tukampelekea unga na sukari na tende. Tukamkumbusha Hadithi iliyopokewa na Bukhari, ya kwamba mja akitahiniwa kwa kuondolewa vipenzi vyake viwili, yaani macho yake, naye akasubiri, malipo yake ni Pepo. Naye akiitikia kwa unyenyekevu. Mambo yalikwenda hivyo kwa muda wa miaka minne, wala hapana hata mmoja wetu aliyemwuliza macho yale yana nini.

Kisha wakaja madaktari wa macho kuwapima watu bure. Hawakuwa watu wetu, wala si sisi tuliowaita. Jirani yake, mama mmoja Mkristo, ndiye aliyempelekea khabari na kumshika mkono. Wakammulika kwa tochi, wakamwambia kuwa ni mtoto wa jicho. Wakampandisha garini pamoja na wazee wengine wa kilima kile, akapasuliwa jicho moja bila ya kulipa hata senti, na siku ya pili yake wakamfungua kitambaa. Baada ya majuma machache alikuja msikitini peke yake, na mjukuu yuko shuleni. Sala ilipokwisha akatuamkia mmoja mmoja huku akitutazama nyuso, kisha akatuuliza kwa upole: "Wanangu, nyinyi mlikuwa mkijua kuwa haya yana dawa?"

Hatukuwa na jawabu. Baadhi yetu tulikuwa tukijua, na waliobaki hawakujua kwa sababu hawakuuliza. Basi makala haya ndiyo jawabu letu kwake, ingawa limechelewa.

Yataka kwanza tulijue jambo lenyewe, kwani wanavyuoni wetu wamesema kuwa kukihukumu kitu ni tawi la kukijua. Nyuma ya mboni ya jicho Mwenyezi Mungu ameweka kitu kidogo kiangavu kama tone la maji, ambacho wataalamu hukiita lenzi, na kazi yake ni kuukusanya mwanga. Umri unapokwenda, kitu hicho huchafuka kidogo kidogo kama kioo cha taa kinachoingia moshi, hatta nuru isiweze kupita. Hakiumi, na kwa hiyo mwenye kupatwa huchelewa kujitambua. Umri ndio sababu yake kubwa. Na ugonjwa wa sukari, na pigo la jicho, na tumbaku, na jua kali la miaka mingi, yote hayo huuhimiza. Hapana dawa ya kutia wala ya kunywa iwezayo kuuondoa, na wauzao vichupa vya matone kwa ahadi hiyo wala mali ya watu kwa batili.

Dawa yake ni moja. Daktari hufungua upenyo mdogo, akaitoa ile lenzi iliyochafuka, akaweka mahali pake nyingine iliyotengenezwa kwa mikono ya watu. Mgonjwa hutiwa ganzi ya jicho tu, naye yu macho; kazi yenyewe, kwa daktari aliyeizoea, haipiti nusu saa; na kwa njia itumikayo sana katika nchi zetu, jeraha huwa dogo hatta halihitaji kushonwa. Nayo si maradhi ya watu wachache. Shirika la Afya Duniani lahesabu watu milioni 94 ambao macho yao yamedhoofika au yamepofuka kwa sababu hii, na ndiyo ya kwanza katika sababu za upofu ulimwenguni.

Wala elimu hii si ngeni kwa Waislamu. Ammar bin Ali al-Mawsili, mtu wa Mosul aliyefanya kazi yake Misri katika zama za al-Hakim, aliyetawala tangu 996 hatta 1021, alieleza katika kitabu chake namna alivyomfyonza mtoto wa jicho kwa sindano yenye tundu ndani yake. Na Ali bin Isa wa Baghdad aliandika kitabu cha maradhi ya macho ambacho matabibu walikisoma kwa karne nyingi. Baadaye elimu ikahamia kwa wengine. Mfaransa Jacques Daviel akaitoa lenzi iliyochafuka mwaka 1747. Na Mwingereza Harold Ridley, baada ya kuona kuwa vipande vya plastiki vilivyoingia katika macho ya marubani wa vita havikuyadhuru, akaweka lenzi ya kwanza ya plastiki katika jicho la mtu mjini London mwaka 1949. Sisi tuliokuwa nayo tukabaki kuhadithia majina ya wazee wetu, na vipofu wetu wakabaki gizani.

Sasa turejee kwenye swali. Hoja ya kwanza tuliyoisikia, tena kutoka kwa wazee wenyewe, ni hii: "Huu ni uzee, na uzee hauna dawa." Na mwenye kusema hivi yaweza kuwa ameshika Hadithi asiyoijua vyema. Imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi kwamba mabedui walimwuliza Mtume (S.A.W.) kama wajitibu, naye akawaamrisha wajitibu, akawaeleza kuwa Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa illa ameuwekea dawa, isipokuwa ugonjwa mmoja, nao ni uzee.

Hadithi hii ina amri na ina mpaka. Amri ni kujitibu, na mpaka ni uzee. Sisi tumeuchukua mpaka tukaufanya ndiyo amri, tukauingiza uzeeni kila ugonjwa uwapatao wazee. Mzee hasikii, twasema ni uzee. Magoti yamuuma, ni uzee. Haoni, ni uzee pia. Lau mtoto wa jicho angekuwa ni uzee huo usio na dawa, angalipatwa naye kila mzee kwa kadiri moja, na asingaliondoka kwa kupasuliwa. Lakini twaona watu wa umri mmoja, huyu aona na huyu haoni, na asiyeona akipasuliwa huona. Basi umri ndio mlango ulioingiza ugonjwa, na ugonjwa wenyewe umo katika sehemu ya amri. Na mwenye kumwambia mzee kuwa huo ni uzee, hali ajua au aweza kujua kuwa si hivyo, amemficha mtu dawa yake kwa jina la Hadithi.

Hoja ya pili ndiyo nzito zaidi, nayo ni hoja ya subira. Hatuikanushi malipo ya subira, wala hapana Muislamu awezaye kuikanusha. Tena yako mapokeo mengine ambayo mpinzani angeyaleta: ya kwamba kipofu mmoja alimwendea Mtume (S.A.W.) kumwomba amwombee apate kuona, na Mtume akamkhiyarisha baina ya kuombewa na kusubiri, akamjulisha kuwa kusubiri ni kheri kwake. Mpinzani atasema: mwaona, subira ndiyo bora.

Lakini na tutazame ni nani aliyepewa khiari. Alipewa kipofu mwenyewe. Naye akachagua kuona, wala Mtume (S.A.W.) hakumlaumu wala hakumwita mwenye imani dhaifu, bali alimfundisha dua na haja yake ikapatikana. Basi subira ni mali ya mwenye kupatwa, ni yeye awezaye kuichagua. Mimi mwenye macho mawili na fedha mfukoni sina haki ya kumchagulia jirani yangu upofu, kisha nikamsifu kwa kuuvumilia. Nikifanya hivyo nimeitumia subira yake ili kuilinda mali yangu. Haya ndiyo tuliyoyafanya sisi kwa miaka minne, na tulidhani ni wa'adhi.

Na katika Qurani tunaye Nabii Yaqub (A.S.), ambaye macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni ya kumpoteza mwanawe. Hapana aliyejulikana kwa subira njema zaidi yake. Juu ya hivyo hakukaa tu: aliwatuma wanawe wakamtafute Yusuf na nduguye, akawakataza wasikate tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu. Na kanzu ya Yusuf ilipoletwa ikatupwa usoni pake, nuru ikamrudia. Hakuirudisha kanzu kwa kusema kuwa yeye ameridhika na subira. Kwake yeye subira na kutafuta vilikaa pamoja, na ni sisi tuliovitenganisha ili tupate kupumzika.

Hapa yataka tuseme neno tusije tukafahamiwa vibaya. Hatusemi kuwa kipofu ni mtu pungufu. Ibn Ummi Maktum, ambaye kwa ajili yake iliteremka Surat Abasa, alikuwa mwadhini wa Mtume (S.A.W.), na mara nyingi aliachiwa Madina aisimamie. Uko upofu ambao madaktari hawawezi kuurudisha nyuma, kama ule uletwao na presha ya macho iliyochelewa kutambulika; na mwenye upofu huo haki yake kwetu ni elimu, na kazi, na heshima, na wa kumwongoza. Twakumbuka kuwa kipofu aliyetaka ruhusa ya kusali nyumbani alimweleza Mtume kuwa hana mtu wa kumwongoza msikitini. Dhiki yake ilikuwa ni kumhitaji mtu mwingine kila hatua. Na dhiki hiyo ndiyo tuizungumzayo.

Kwani masikini akipofuka hapotezi macho tu. Serikali ya Kenya huwapa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kila mwezi katika mpango wa Inua Jamii. Lakini mzee asiyeona hupokea kwa mkono wa mwingine, na huhesabiwa na mwingine. Siku hizi fedha zimo katika simu, na simu ina namba ya siri. Mzee kipofu hana siri, kwani hana budi kumtajia mtu namba ile kila atakapo kununua chumvi. Huenda mtu yule akawa mwaminifu, na huenda asiwe. Mama mzee hawezi kuteua mchele wake, wala kujua nguo yake ina doa, wala kujisitiri aogapo. Haya hayaandikwi katika hesabu za umasikini, lakini ndiyo yanayomla mtu moyo.

Na hatta katika hesabu za umasikini yameonekana. Wataalamu waliwafuata watu wa umri wa miaka 50 na zaidi waliokuwa na mtoto wa jicho katika Nakuru, hapa Kenya, na katika Bangladesh na Ufilipino, wakawalinganisha na wenzao wenye kuona. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Kabla ya kupasuliwa, wale wagonjwa walikuwa masikini zaidi kuliko wenzao. Mwaka mmoja baada ya kupasuliwa, matumizi ya nyumba zao yalikuwa yamepanda yakakaribia ya wenzao, wakawa wafanya kazi zaidi na wahitaji msaada kidogo. Basi sadaka hii si kama unga tuliokuwa tukimpelekea mzee wetu, ambao ulikwisha kabla ya mwezi, naye akarudi kutungojea. Unga tuliutoa miaka minne na mkono wake ukabaki umenyooshwa; jicho lilifunguliwa mara moja na mkono ukarudi kwenye chai.

Mwenye kuhesabu atasema: mzee wa miaka 75 ataishi miaka mingapi? Si afadhali fedha hizi wapewe vijana? Twamjibu kuwa Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mwenye mche mkononi aupande hatta kama Kiyama chasimama, wala hakumwambia aupime kwanza kwa miaka ya matunda yake. Tena mwenye hesabu hiyo amekosea kuhesabu, kwani amemwacha mjukuu. Jicho moja la babu liliwafungua watu wawili.

Sasa twafika kwenye sehemu ya mwisho ya swali: je, ni hisani au ni deni? Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ametaja katika Ihya kuwa utabibu ni faradhi ya kifaya, yaani wakiufanya baadhi ya watu wengine husalimika, na wote wakiuacha wote huingia katika dhambi. Akalalamika kuwa miji mingi haina tabibu Muislamu, hali watu wasongamana katika elimu ya fikihi, khasa katika mabishano yake. Miaka zaidi ya mia tisa imepita, na malalamiko yale yangeweza kuandikwa juzi.

Tutazame karibu yetu. Daktari Irvine, mmishonari wa Kiskoti, alifika Chogoria, mashariki ya mlima huu huu, mwaka 1922, na hospitali ya pale ingali ikitibu watu. Kikuyu kuna kituo cha macho cha hospitali ya Kipresbiteri. Mombasa kuna Lighthouse for Christ. Na Kwale, penye Waislamu wengi, kuna kituo cha macho kilichowafungua macho wazee wetu wengi. Hatusemi kuwa Waislamu hawakufanya kitu. Bilal Muslim Mission imeweka kambi za macho katika nchi zetu, na jumuiya ya Al-Basar ilijenga Khartoum hospitali ya macho waliyoiita Makkah, na imepeleka madaktari katika nchi nyingi. Lakini sisi wa huku bara, wachache kama tulivyo, hatukuwa hatta na daftari la majina ya vipofu wetu. Tulikuwa na daftari la wachangiaji wa mazulia. Mazulia si haramu, lakini aliyekuja kusali juu yake hakuyaona rangi, na sisi hatukujiuliza kwa nini.

Kama ni faradhi ya kifaya, basi aliyepasuliwa na wengine ametuondolea uzito kwa upande wake tu, na waliobaki wangali shingoni mwetu. Deni hilo lina vyakula vyake: masikini yumo katika mafungu manane ya zaka, na wenye elimu waulizwe namna ya kumfikishia fungu lake kwa njia hii. Na sadaka ina nafasi pana zaidi, hatta kwa asiyekuwa Muislamu, kwani Qurani haikutukataza kuwafanyia wema wasiotupiga vita kwa ajili ya dini. Hapo Kanja Waislamu ni wachache, na gari lile lilimchukua mzee wetu pamoja na vikongwe wa Kikristo, wakashikana mikono njiani kwa kuwa hapana aliyemwona mwenzake. Basi tutakapoandika daftari letu, aandikwe jirani pamoja na ndugu. Wala tusiifanye tiba kuwa chambo cha kuvutia watu katika dini. Jambo hilo tulilichukia tulipofanyiwa watoto wetu, na haliwi jema kwa kufanywa na sisi.

Twajua kuwa wengi watasema: fedha tutapata wapi? Katika hospitali za kulipia kazi hii hufika makumi ya maelfu ya shilingi. Na watazame Madurai, India ya kusini. Daktari Govindappa Venkataswamy alistaafu kazi ya serikali akiwa na miaka 58, vidole vyake vimepinda kwa maradhi ya viungo, akafungua mwaka 1976 hospitali ya vitanda 11. Wenye uwezo wakalipa, na kwa malipo yao wakatibiwa wasio na uwezo, kwa madaktari wale wale. Na tangu 1992 wakaanza kutengeneza lenzi zao wenyewe, bei yake ikaanguka mno. Leo hospitali zile za Aravind zimejulikana ulimwengu mzima. Mpango huu ni ndugu wa wakf wetu wa kale, na sisi tuna wakf za nyumba na mashamba ambazo kodi zake hatujui ziendako.

Nasi hatusemi kuwa darsa letu litajenga hospitali. Tumeafikiana mambo machache tuyawezayo, na twawanasihi ndugu zetu wafanye mfano wake.

Kwanza, kuuliza. Kila mzee aliye katika jamaa yetu, mwanamume na mwanamke, asimamishwe hatua chache, kiasi cha mita tatu, aulizwe hesabu ya vidole kwa kila jicho peke yake. Asiyeweza apelekwe kwa mganga wa macho, kwani si kila upofu ni mtoto wa jicho, na kupambanua ni kazi yao.

Pili, nauli na mtu wa kumsindikiza. Matibabu yaweza kuwa bure na mgonjwa asiyafikie kwa kukosa nauli ya kwenda na kurudi, au kwa kukosa mwenza. Hapa kidogo chetu chatosha.

Tatu, wanawake. Wanawake vipofu ni wengi kuliko wanaume, na katika nchi nyingi hupasuliwa kwa uchache kuliko wao, kwa kuwa fedha haziko mikononi mwao na kwa kuwa wamezoea kujisemea kuwa wanaweza kungoja. Mama asiulizwe mwisho.

Nne, kufuatia. Bure isiwe maana yake ovyo. Mataifa yalipokutana katika mkutano wa Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 yaliafikiana kuongeza kazi hii hatta 2030, na wakahesabu aliyepasuliwa akaona vyema, si aliyepasuliwa tu. Masikini naye ana haki ya kupimiwa lenzi imfaayo, na kutiwa dawa zake, na kutazamwa tena baada ya majuma kadha. Mwenye kumfungua kitambaa kisha akamsahau hakuitimiza amana.

Tano, kusitiri. Tumeona picha za wazee wenye vitambaa machoni zikipitishwa huku na huko pamoja na majina ya waliotoa. Mwenyezi Mungu ametukataza kuzibatilisha sadaka zetu kwa masimbulizi na udhia. Mzee hakuuza uso wake alipokubali kutibiwa.

Haya ndiyo tuliyoyaona, na aliye na lililo bora atuletee, tutalikubali kwa furaha. Mzee wetu amebakiwa na jicho la pili halijapasuliwa, na safari hii nauli yake iko kwetu. Lakini swali lake bado liko palepale, na kila akitutazama usoni twalisikia. Tumeamua tusimjibu tena kwa maneno.

Ewe Mola wetu, utuoneshe haki kuwa ni haki na uturuzuku kuifuata. Uwarudishie nuru waliopotewa nayo, na uwape subira wale ambao dawa yao haijapatikana. Wala usitufanye katika wale ambao macho yao yaona na nyoyo zao zimepofuka. Amin.